Athens haikumzaa mbunge: dhana potofu kuhusu Ugiriki, Roma na nchi za Magharibi

Kwa muda wote niliofundisha historia ya kale nimekuwa nikiisoma sentensi ileile katika insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na siku hizi naisikia hata katika hotuba za wageni rasmi: kwamba Wagiriki walibuni demokrasia, Warumi wakaipokea, na nchi za Magharibi zikairithi na kuieneza duniani. Ndani yake mna madai matatu, na ni la kwanza tu linaloweza kusimama, tena likishikiliwa. Hao "Wagiriki" ni nani hasa, ilhali Sparta ilikuwa na wafalme wawili na miji mingine mingi ikatawaliwa na matajiri wachache? Kila mwanafunzi wangu anayeandika "Wagiriki" namrudishia karatasi aniambie ni mji gani na karne gani.

Mji unaohusika ni Athens, tangu mageuzi ya mwanasiasa Cleisthenes mwaka 508 KK hadi Wamakedonia walipoizima demokrasia hiyo mwaka 322 KK. Mfumo wake haukuwa na wabunge, haukuwa na vyama, wala haukuwa na uchaguzi mkuu. Masuala ya vita na amani yaliamuliwa na raia wenyewe waliopanda kilima cha Pnyx, na kwa baadhi ya maamuzi ilitakiwa wafike watu 6,000. Ajenda iliandaliwa na baraza la watu 500 waliopatikana kwa bahati nasibu, wakatumikia mwaka mmoja tu, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia humo zaidi ya mara mbili maishani. Waliopigiwa kura walikuwa wachache, hasa majemadari kumi, kwa kuwa vita ilihitaji wajuzi.

Anayetaka kuelewa mambo haya aliangalie jiwe lililohifadhiwa katika makumbusho ya Agora, jijini Athens. Ni bamba lililochongwa safu za nafasi nyembamba. Raia aliyefika kutaka kazi ya uamuzi mahakamani alikuwa na kibati chenye jina lake, na vibati hivyo vilichomekwa katika nafasi zile safu kwa safu. Ubavuni palikuwa na mrija uliomiminiwa vigololi vyeupe na vyeusi vilivyochanganywa: kikitoka cheupe, safu nzima imepata kazi, kikitoka cheusi, safu nzima inarudi nyumbani. Kwa utaratibu huo kesi moja iliweza kupata waamuzi mia kadhaa, na tajiri mwenye kesi hakuweza kujua mapema amhonge nani.

Mwanafalsafa Aristotle, ambaye kwa kuzaliwa Stagira alikuwa mgeni asiye na haki ya kupiga kura Athens, aliandika kwamba kugawa vyeo kwa bahati nasibu huhesabiwa kuwa jambo la kidemokrasia, na kuvigawa kwa uchaguzi ni jambo la utawala wa wachache. Kwa kipimo chake, sehemu kubwa ya kile tunachokiita demokrasia leo kingewekwa katika fungu la pili. (Kwamba wanawake, watumwa na wageni wakaazi walitengwa ni jambo ambalo wanafunzi hulikumbuka vizuri, kwa hiyo silirefushi.)

Dai la pili ni baya zaidi, kwa sababu Roma haikupokea chochote cha namna hiyo. Katika mkutano uliowachagua makonseli, yaani wakuu wawili wa dola, raia waligawanywa katika vikundi 193 kwa kufuata mali zao, kila kikundi kikiwa na kura moja. Kwa mgawanyo wa awali, wapanda farasi na tabaka la kwanza walikuwa na vikundi 98 kati ya hivyo, nao walianza kupiga kura. Wakikubaliana, shughuli imekwisha, na maskini waliorundikwa katika kikundi kimoja hawakuitwa kabisa. Huo ndio mfumo ambao watu wanaueleza kuwa ni demokrasia ya Athens iliyovukishwa bahari.

Tuje dai la tatu: basi mbunge alitoka wapi? Alitoka katika Ulaya ya zama za kati, kwa wafalme waliohitaji kodi na ridhaa ya watakaoilipa. Mfalme wa León, katika Hispania ya leo, aliwaita wawakilishi wa miji mwaka 1188. Simon de Montfort, mkuu aliyemwasi mfalme wake, aliwaita wa Uingereza mwaka 1265, na Mfalme Edward wa Kwanza akafanya hivyo mwaka 1295. Waliokusanyika Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba ya Marekani waliitazama Roma, si Athens: ndiyo maana wana Seneti, na ndiyo maana makala za kuitetea katiba hiyo zilitiwa saini ya Publius, jina la Kirumi. Ndani ya makala hizo imeandikwa kwamba hata kama kila raia wa Athens angekuwa mwanafalsafa Socrates, mkutano wao bado ungekuwa kundi la wenye ghasia. Neno demokrasia halimo katika katiba yao. Sifa njema za Athens zilipata nguvu baadaye sana, hasa George Grote, mwanabenki aliyewahi kuwa mbunge wa London, alipochapisha historia yake ya Ugiriki kati ya 1846 na 1856. Kwa hiyo nchi za Magharibi zilijijengea mabunge kwanza, kisha zikamtafuta babu wa kuyapa heshima.

Dhana nyingine nitazipitia haraka. Sanamu za Kigiriki na Kirumi hazikuwa nyeupe. Zilipakwa rangi, na mabaki ya rangi hizo bado yanapimika. Weupe ulipendwa kiasi kwamba mwaka 1937 na 1938 sanamu za Parthenon, hekalu la Athens, zilizoko London zilikwanguliwa kwa vyombo vya shaba ili zing'ae.

Elimu ya Kigiriki haikulala usingizi hadi Waitalia walipoiamsha. Constantinople, mji mkuu wa Roma ya Mashariki, ilisoma Kigiriki bila kukoma hadi ilipoanguka mwaka 1453, na Baghdad ya karne ya tisa ilikuwa na Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyetafsiri vitabu vya tiba vya tabibu wa Kigiriki Galen kwa Kisiria na Kiarabu. Kitabu kikuu cha falaki cha Ptolemy, mtaalamu wa nyota aliyeandika kwa Kigiriki, kilitafsiriwa Toledo, Hispania, kwa Kilatini kutoka Kiarabu karibu mwaka 1175. Wala Waislamu hawakuwa walinzi wa stoo: mwanasayansi Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha kumkosoa Ptolemy.

Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili na kudai kwamba Aristotle aliiba falsafa yake katika maktaba ya Alexandria, Misri. Mji huo ulianzishwa mwaka 331 KK, yeye akafa mwaka 322 KK, na maktaba ilijengwa na wafalme waliofuata. Madeni ya kweli yapo: alfabeti kwa Wafoinike, uchongaji wa mawe kwa Wamisri, rekodi za kupatwa kwa mwezi kwa Wababeli. Hayo yanathibitika bila kumsingizia mtu wizi.

La mwisho huletwa na wanafunzi wa sheria, wanaoamini kwamba sheria zote zilizoachwa na wakoloni ni za Kirumi. Mkusanyo wa sheria za Kirumi wa mfalme Justinian, uliokamilishwa Constantinople mwaka 534, ulifundishwa upya Bologna, Italia, kuanzia mwishoni mwa karne ya 11, ukalisha sheria ya Napoleon ya 1804, na kupitia Wabelgiji ukafika Kongo. Uingereza ilishika njia yake, ikiazima Roma kwa kiasi tu. Wakili wa Bukavu anayetegemea amri ya mikataba ya Kongo ya 1888 yuko karibu na Roma kuliko mwenzake wa Mwanza, ambaye mahakama zake hupokea kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ambaye sheria yake ya mikataba ilinakiliwa kwa sehemu kubwa kutoka ile ya India ya mwaka 1872.