Nyayo Kwenye Theluji Hazithibitishi Usalama

"Kundi jingine limepita hapo asubuhi, kwa hiyo pako salama." Kauli hii haiwatoki midomoni wapanda milima wa Nairobi, hasa waliofika Lenana, kilele cha Mlima Kenya, mara mbili tatu na sasa wanapanga safari ya Nepal au Alps. Theluji ya Lenana ni haba. Huyeyuka mchana na kuganda usiku, na balaa lake ni kuteleza. Ya huko hurundikana miezi mizima, tabaka juu ya tabaka, na linaloleta maporomoko ya theluji yanayoua ni lile la chini lisiloonekana.

Chukua sinia. Tandaza unga wa ngano, nyunyiza sukari, funika kwa unga mwingine na uushindilie kwa kiganja. Inua upande mmoja polepole: unga wa juu utapasuka na kushuka kama bamba zima. Sukari ni chembe za theluji zisizoshikana, bamba ndipo mpandaji anaposimama. Nalo halina unene mmoja. Watu kumi watapita penye mita nzima bila kuligusa tabaka dhaifu. Wa kumi na moja atakanyaga karibu na mwamba, penye sentimita 30, na ufa utambae mteremko mzima. Nyayo zinaonyesha watu walikopita, basi.

Pima mwinamo wa mteremko. Mabamba mengi huporomoka penye nyuzi 30 hadi 45, na simu iliyolazwa juu ya fimbo ya kutembelea inatosha kupimia. Usisahau mteremko ulio juu yako, hata kama wewe unatembea tambarare. Theluji ikitoa "wuuf" chini ya buti, au nyufa zikikimbia kutoka mguuni, geukeni mrudi.

Kelele? Sauti ya mtu haivunji bamba, uzito wake ndio unaolivunja. Imba ukitaka.

Jua likiwaka baada ya dhoruba, watu hukimbilia mlimani. Siku hiyo ya kwanza ni miongoni mwa zile mbaya zaidi, hasa upande ambao upepo umerundikia theluji.

Wengine husoma daraja la 3 kati ya 5 katika taarifa ya hatari ya maporomoko kama gredi C, yaani wastani. Hapo hatari tayari ni kubwa, na mtu mmoja anaweza kuangusha mteremko.

Na helikopta ya uokoaji? Huenda ikachelewa. Nafasi ya aliyefukiwa kupona huporomoka baada ya takriban dakika kumi. Wa kumtoa ni wenzake, kila mmoja akiwa na kifaa cha mawimbi ya redio cha kumtafutia aliyefukiwa, kikiwa kimewashwa, fimbo ndefu ya kudungia theluji, na koleo la chuma. Theluji ikishatulia baada ya kuporomoka hukaza kama saruji, haichimbiki kwa mikono.