Dawati si dawa: dhana potofu kuhusu kupanga matumizi kwenye Excel

Mhazini wa kikundi au mwenye duka akishajaza matumizi ya miezi kadhaa, safu ya "Maelezo" huwa na kila aina ya maandishi: "LUKU Aprili", "nauli boda", "dawa za panya", "Dawati la ofisi". Akitaka kujua umeme umekula kiasi gani, lazima kwanza ayagawe maelezo hayo kwa mafungu. Hapo ndipo dhana potofu huwaponza wengi.

Ya kwanza ni kwamba Excel inaelewa maana ya neno. Haielewi. SEARCH inatafuta mfuatano wa herufi, basi. Ukiagiza kila penye "dawa" paandikwe "Afya", dawati litaingia Afya, kwa sababu herufi hizo nne zimo ndani yake. "Maji" nayo itanasa "kuchapa majina" na "majiko mawili", na bili ya maji itavimba bila sababu. Tiba yake ni kuweka nafasi pande zote mbili, za neno na za maelezo (hapa yako seli A2). Jibu likiwa TRUE, neno limo:

=ISNUMBER(SEARCH(" dawa "," "&A2&" "))

Ondoa kwanza mikato na nukta, maana neno lililogusana na mkato halitapatikana. Hata hapo, dawa za panya bado zitahesabiwa kama matibabu. Hilo linamhitaji mtu anayelijua duka.

Wapo pia wanaoamini kwamba fundi wa Excel ni yule anayerundika IF (fomula ya sharti) ndani ya IF. Tangu toleo la 2007 inaruhusiwa kufika ngazi 64, lakini fomula ya namna hiyo hairekebishiki: mhazini akibadilika, anayempokea hataweza kuigusa. Weka maneno kwenye shiti ya pili, uipe jina Maneno: safu A neno la kutafuta, safu B fungu lake. Kisha:

=IFERROR(INDEX(Maneno!B$2:B$40,MATCH(TRUE,ISNUMBER(SEARCH(Maneno!A$2:A$40,A2)),0)),"Halijapangwa")

Kwenye matoleo ya zamani maliza kwa Ctrl+Shift+Enter. Neno jipya likizuka, unaongeza mstari kwenye orodha, na kwenye fomula unabadilisha namba ya mstari wa mwisho tu (hapa 40). Zingatia mambo mawili. MATCH huchukua jibu la kwanza inalolikuta, kwa hiyo "mafuta ya kupikia" yakae juu ya "mafuta" matupu, la sivyo mafuta ya jikoni yataandikwa Usafiri. Vivyo hivyo "dawati" likae juu ya "dawa", maana fomula hii haina zile nafasi za pembeni. Pili, usiache seli tupu katikati ya orodha wala mwisho wake. Kwa SEARCH, utupu unapatikana kila mahali, na kila maelezo yasiyopata neno juu yake yatatua hapo, yakose fungu. Masafa ya fomula yaishie penye neno la mwisho.

Wengine hupoteza muda kubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo. Si lazima: SEARCH, VLOOKUP (ya kutafuta jibu kwenye jedwali) na COUNTIF (ya kuhesabu seli) hazibagui. Zinazobagua ni FIND na EXACT. Adui halisi ni nafasi isiyoonekana, hasa kwenye maandishi yaliyonakiliwa kutoka tovuti. TRIM huondoa nafasi za kawaida tu. Ile ya kwenye tovuti, ambayo kompyuta huitambua kwa namba 160, inabaki, na "LUKU Aprili" mbili zinazofanana machoni zinahesabiwa kuwa vitu viwili. Isafishe hivi:

=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))

Kuhusu VLOOKUP, usipoandika kabisa sehemu ya nne ndani ya mabano, inaridhika na jibu la kukaribia na inaweza kukupa fungu la jirani bila kuonyesha kosa lolote. Andika FALSE kila mara.

Halafu kuna imani kwamba kazi imekamilika pale tu "Halijapangwa" inapofika sifuri. Hapana, mistari hiyo ndiyo ya kuisoma kwa makini zaidi. Ichuje kila mwisho wa mwezi, uisome mmoja mmoja, uongeze maneno yanayojirudia kwenye orodha. Malipo yaliyotokea mara moja, kama faini ya maegesho, yaandikie fungu kwa mkono kwenye safu ya pembeni ili fomula isiyafute.