Kuongeza kitu kwenye PDF iliyosainiwa bila kuvunja saini

Saini ya kidijitali hailindi ukurasa unaouona kwenye skrini. Inalinda baiti za faili, yaani vipande vidogo vya data vinavyolijenga. Programu ya kusaini hupitia faili lote, isipokuwa nafasi iliyoachwa kwa ajili ya saini yenyewe, na kukokotoa heshi, yaani namba fupi inayotokana na baiti zote hizo, mara nyingi kwa kanuni iitwayo SHA-256. Heshi hiyo ndiyo inayotiwa saini kwa ufunguo wa siri. Mipaka ya baiti zilizolindwa huandikwa ndani ya faili kwa jina la ByteRange, na baiti moja ikibadilika ndani yake, saini inakataliwa.

Mtu wa pili basi atasainije hati hiyo hiyo? Kwa njia ya kuhifadhi kwa nyongeza. Faili la awali haliguswi. Saini mpya, jibu la fomu au maoni huandikwa mkiani, pamoja na jedwali linaloonyesha vilipo. Baiti za saini ya kwanza zimebaki vilevile, kwa hiyo hesabu yake bado inakubali. Saini ya pili nayo hufunika vyote vilivyotangulia. Ukilibana faili au ukilichapisha upya kuwa PDF, saini zinaharibika hata kama hukugusa herufi moja, maana programu imeliandika upya tangu mwanzo.

Hesabu kukubali hakutoshi. Anayeithibitisha hati kwa saini ya kwanza anaweza kuweka kiwango cha ruhusa kiitwacho DocMDP: 1 hakuna mabadiliko, 2 kujaza fomu na kusaini, 3 kuongeza na maoni pia. (Tangu PDF 2.0, data ya kuthibitisha vyeti vya wasainiji na mihuri ya muda, inayoonyesha saini iliwekwa lini, huruhusiwa hata kwenye 1.) Ugumu uko hapa: nyongeza hizo hukaguliwa na programu ya kusomea, na programu hukosea. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kwenye kiwango cha 3 maoni yanaweza kutengenezwa yafunike maandishi halisi, huku programu kadhaa zikiendelea kusema saini ni halali. Binafsi nisingetoa kiwango hicho kwa mkataba.

Ukitilia shaka hati, tafuta kwenye paneli ya saini chaguo la kuona toleo lililosainiwa. Programu itaacha nyongeza zote na kukuonyesha hati ilivyokuwa wakati saini ile inawekwa.