Baridi ya Timboroa na chuma kinachokatika ghafla

Madereva wa malori ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret wanaamini kwamba baridi ya Timboroa huvunja vyuma, na kila chuma cha kuvutia trela kinapokatika huko usiku, baridi ndiyo inayobebeshwa lawama. Mimi ni mhandisi wa vyuma hapa Nakuru na siwacheki, kwa sababu nusu ya wanayosema ni kweli.

Chuma cha kawaida cha ujenzi, kikiwa na joto la kutosha, hunyumbuka kabla ya kukatika: hupinda, huvutika, na mwenye macho huona hatari mapema. Kikipoa kupita kiwango fulani hupoteza unyumbufu huo na kupasuka mara moja kama sahani ya udongo. Sababu imo katika mpangilio wa atomi zake, ambazo hukaa kwenye pembe za mchemraba na nyingine moja katikati yake. Katika mpangilio huo, tabaka za atomi huteleza kwa kusaidiwa na mtikisiko wa joto. Joto likipungua, nguvu inayohitajika kuzitelezesha hupanda hadi ikaizidi ile ya kuzitenganisha, na hapo ufa hushinda. Atomi za alumini, za shaba na za chuma kisichoshika kutu cha aina ya austeniti zimepangwa vingine, nazo huteleza hata kwenye baridi kali. Ndiyo maana wahudumu wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu za mirija huko Molo na Njoro hubeba mitungi ya alumini, kwani naitrojeni iliyomo ina nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo haifai kumiminwa kwenye chombo cha chuma cha kawaida.

Kipimo tunachotumia kina jina la Mfaransa Georges Charpy. Kipande chenye urefu wa milimita 55, na upana na unene wa milimita 10, hukatwa mfuo wa V wenye kina cha milimita 2, hupozwa, kisha hupigwa na nyundo inayobembea, na nishati iliyotumika kukivunja husomwa kwa jouli. Namba ni muhimu, ila mimi huanza kwa kutazama uso uliovunjika. Uliokatika kwa kunyumbuka ni wa kijivu kilichofifia, wenye nyuzinyuzi na kingo zilizovutika. Uliopasuka kwa baridi ni bapa na humetameta kwa chembe ndogo.

Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikatika vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, katika maji tulivu ya Portland, Marekani. Wengi waliwalaumu waliochomelea, mpaka mtaalamu wa vyuma Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipoonyesha kwamba chuma chenyewe hakikuifaa baridi. Uchomeleaji ulichangia kwa namna nyingine: mabamba yakishaunganishwa kuwa kitu kimoja, ufa haukuti ukingo wa kuuzuia.

Sasa turudi Timboroa. Chuma kinachouzwa kwa alama ya S275JR kimethibitishwa kufikia jouli 27 kwenye nyuzi 20. Alama ikiishia J0 badala ya JR, ni jouli hizo hizo kwenye nyuzi sifuri, na J2 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Alfajiri ya kule juu inaweza kushuka hadi nyuzi chache tu, kwa hiyo cheti cha JR hakikuahidi lolote kuhusu saa hiyo.

Nusu ya pili madereva hawaitaji. Vyuma vinavyoletwa mezani kwangu mara nyingi vina mistari ya mviringo inayofuatana kuanzia ukingo wa mshono wa kuchomelea, yaani ufa wa uchovu uliokua polepole kwa mizigo ya kila siku, hata katika joto la mchana. Baridi huamua tu ufa huo uvumiliwe hadi urefu gani kabla sehemu iliyobaki haijapasuka. Pigo la ghafla la shimo la barabarani na unene wa bamba, kama baridi, hukifanya chuma kipasuke kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo anayetaka chuma kipya cha kuvutia trela namwomba alete bamba lenye cheti cha J2, hasa likizidi milimita 20, na ukingo wa mshono usagwe hadi uwe laini. Bamba la JR natengenezea sakafu ya trela.