Pua imepinda, lakini sainasi imetoka wapi?

Mama mmoja, muuza vitenge, aliingia kwenye chumba ninachotibia wagonjwa wa pua na bahasha ya picha za CT chini ya kwapa. Shikamoo yangu aliiitikia haraka haraka, maana alikuwa na lake. "Mwanangu, wameshaniambia. Pua imepinda, ndiyo maana sainasi haiponi. Ninyoosheni tu niende zangu."

Kweli, ukuta wa pua yake, ule wa kati unaotenganisha matundu mawili, ulikuwa umeelemea kulia. Lakini usaha ulikuwa umejaa kwenye sainasi (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa uso) ya shavu la kushoto, upande ambao njia ya hewa ilikuwa pana. Nikamwomba afungue mdomo. Gego moja la juu kushoto lilikuwa limeoza mpaka mzizini. Mizizi ya magego ya juu hukaa chini ya sakafu ya sainasi ile, na mfupa unaoitenganisha huwa mwembamba sana. Jino ndilo lililokuwa likipeleka uchafu juu. Likang'olewa, sainasi ikasafishwa, na harufu iliyomsumbua kwa miezi ikaisha. Ukuta wa pua hatukuugusa.

Ile kauli ya kwamba pua imepinda ndiyo maana sainasi haiponi naisikia mno, kutoka kwa wagonjwa na hata kwa wenzangu wa kazi. Ukuta wa pua ni gegedu kwa mbele na mfupa kwa nyuma, na ulionyooka kabisa ni nadra. Watu wazima wengi wana mpindo kiasi: wengine wamezaliwa nao, wengine waliangukia uso utotoni, wengine wameupata kwenye bodaboda. Kupinda kungetosha kuleta ugonjwa, tungeumwa karibu sote.

Sainasi ziko jozi nne: mashavuni, katikati ya macho, kwenye paji, na nyuma kabisa ya pua. Zimetandazwa utando wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo husukuma kamasi kuelekea kwenye mlango wa kila sainasi. Mlango wa sainasi ya shavu uko juu, kwa hiyo kamasi haiteremki yenyewe, hupandishwa. Walter Messerklinger wa Graz, Austria, aliifuatilia safari hiyo kwa subira ninayoistaajabia hadi leo, akaonesha kwamba kamasi hufuata mlango wake wa asili hata ukiitobolea tundu jingine chini. Upasuaji wa sainasi tunaoufanya sasa kwa kamera umejengwa juu ya kazi hiyo.

Sainasi za shavu, za paji na baadhi ya zile za katikati ya macho hutolea kamasi kwenye uchochoro mmoja mwembamba. Hapo ndipo mpindo unapoweza kuhusika: ukiwa mkubwa na uko juu, unaweza kubana uchochoro huo. Tafiti zilizolinganisha picha za CT zimeuona uhusiano, hasa kwa mipindo mikubwa, lakini uhusiano wenyewe ni mdogo.

Ugonjwa tunaouita sugu, unaodumu wiki 12 au zaidi, kwa sehemu kubwa ni uvimbe wa utando wenyewe. Nyuma yake kunaweza kuwa na mzio, pumu, jino bovu, kuvu, au polipu. (Mtaani tunaziita zote "nyama za puani", ila nyama za kawaida kila mtu anazo, polipu ni utando uliovimba ukaning'inia kama zabibu iliyomenywa.) Polipu mara nyingi huota pande zote mbili, ilhali ukuta umeelemea upande mmoja tu. Hilo peke yake lingetosha kututia shaka.

Miaka yangu ya mwanzo sikuyasema haya kwa uwazi. Kijana mmoja nilimnyoosha pua, akapumua vizuri, kisha akarudi na kamasi zile zile, na harufu ya chakula haisikii. Alikuwa na mzio ambao sikuuchunguza ipasavyo. Familia yake ilichanga fedha za upasuaji ule, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sisemi upasuaji huo haufai. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, wa watu wazima 378, ulionesha kwamba waliopasuliwa walipata nafuu kubwa kuliko waliotumia dawa za kupuliza. Lakini shida yao ilikuwa pua kuziba, siyo sainasi. Mgonjwa wa sainasi namnyoosha ukuta pale unaponizuia kupitisha kamera na vifaa, au unapozuia dawa isifike ndani baadaye. Namweleza hivyo kabla hajatia saini.

Kabla ya kisu, osha pua kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Dawa ya steroidi ya kupuliza, ile ya kupunguza uvimbe, tumia kwa wiki kadhaa bila kukatisha, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ili ielekee upande wa sikio badala ya kuupiga ukuta na kuutoa damu. Yale matone ya kuzibua pua papo hapo usiyazidishe siku tano, maana yakizoeleka huziba pua zaidi. Na kama ni kichwa tu kinachogonga, mwanga unakukera na kamasi huna, mwambie daktari afikirie kipanda uso kabla ya sainasi.

Jicho likivimba, au ukaanza kuona vitu viwili viwili, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.