Je, Wajua kwa Nini Biblia Imejaa Watu Wanaomlalamikia Mungu?

Katika matanga mengi ya Afrika Mashariki, kabla jeneza halijafika makaburini, mfiwa huwa amekwisha kuambiwa na watu kadhaa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Akithubutu kuuliza kwa nini mtoto wake amekufa ilhali kanisa zima lilifunga na kuomba, hakosekani mtu mwenye nia njema wa kumsihi asikufuru. Mhubiri naye hufungua Ayubu 1:21, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe," na mfiwa huelekezwa kwa Ayubu kama mtu aliyepoteza kila kitu bila kulalamika. Fundisho analobaki nalo ni kwamba imani hupimwa kwa ukimya, na kwamba aliyevunjwa moyo na Mungu hawezi kumpenda tena mpaka kwanza aumeze uchungu wake.

Biblia yenyewe haifundishi hivyo, na kosa linaanzia hapo hapo kwa Ayubu. Kitabu chake kina sura 42, na yale maneno ya utulivu yamo katika sura mbili za kwanza tu. Sura ya tatu inaanza na Ayubu akiilaani siku aliyozaliwa. Katika sura ya saba anatangaza, "sitakizuia kinywa changu," kisha anamuuliza Mungu sababu ya kumfanya shabaha yake. Katika sura ya 13 anasema anatamani kuhojiana na Mungu uso kwa uso, na rafiki zake waliokuja kumfariji anawaita matabibu wasiofaa kitu. Rafiki hao, Elifazi, Bildadi na Sofari, ndio wanaomtetea Mungu kwa ufasaha tangu mwanzo hadi mwisho wa mabishano: Mungu ni mwenye haki, kwa hiyo aliyeumia lazima ana dhambi iliyojificha. Hata hivyo hukumu inapotolewa katika Ayubu 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Waraka wa Yakobo unaisifu subira ya Ayubu, na kwa haki kabisa, lakini ni subira ya mtu aliyeshikilia shauri lake mbele ya Mungu mpaka akajibiwa. Anayesoma sura ya kwanza peke yake na kuifunga Biblia hajakutana bado na Ayubu.

Wala Ayubu hayuko peke yake. Kati ya zaburi 150, takriban theluthi moja ni za maombolezo, kutegemea namna ya kuzihesabu. Mtaalamu wa Kijerumani Hermann Gunkel, aliyefariki mwaka 1932, alizipanga zaburi kwa aina zake, akaonyesha kwamba maombolezo yana umbo linalojirudia: mwombaji humwita Mungu, humweleza shida, huomba, hutamka kwamba anamtumaini, na mara nyingi humalizia kwa sifa. Zaburi ya 13 inayaonyesha yote hayo katika aya sita. Inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Swali la "hata lini" linaulizwa mara nne katika aya mbili za kwanza. Halafu, bila kueleza kama adui ameondoka au ugonjwa umepona, mwombaji anasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako," na anamaliza kwa wimbo.

Swali gumu ni jinsi malalamiko makali hivyo yanavyoweza kuwa sehemu ya kutumaini, na hapa inafaa kufikiria mke anayeita kikao cha wazee wa pande zote mbili. Siku hiyo atasema mambo mazito kuhusu mumewe: ahadi alizovunja, usiku ambao hakurudi nyumbani, watoto waliolala na njaa. Mgeni asiyejua desturi angedhani ndoa imekwisha. Wazee wanajua kwamba aliyekwisha kuikata tamaa ndoa hahangaiki kuita kikao. Hufunga mizigo asubuhi na kwenda kwao. Yule anayeita kikao anaamini bado kwamba kuna ahadi inayomfunga mwenzake, kwamba mwenzake anaweza kuona haya na kubadilika, na kwamba maneno yake yatafika mahali. Ukali wa mashtaka unatoka katika ukubwa wa tumaini. Tena kikao kina adabu yake: mke hasemi mashtaka hayo kisimani kwa majirani, bali huyasema mumewe akiwa ameketi palepale, na akiisha kusema, hubaki kusikiliza. Zaburi ya maombolezo inafanya vivyo hivyo. Inamshtaki Mungu kwa Mungu mwenyewe, kwa kumkumbusha fadhili zake, na haiondoki.

Tofauti hiyo inafumbua pia jambo linalowatisha wengi, yaani onyo la Paulo katika 1 Wakorintho 10 kwamba tusinung'unike kama Waisraeli jangwani. Kitabu cha Hesabu kinaeleza manung'uniko hayo yalikuwa ya namna gani. Katika sura ya 14 watu wanalia usiku kucha, wanasema wao kwa wao kwamba Mungu amewaleta wafe kwa upanga, kisha wanashauriana wajichagulie kiongozi na kurudi Misri. Hawamwambii Mungu neno. Wanamsema, na mizigo iko tayari. Lakini sura tatu tu nyuma, Musa anamkabili Mungu kwa maneno ambayo wengi wetu tungeogopa kuyatamka kanisani: anamuuliza kwa nini amemtenda vibaya, anakana kwamba ndiye aliyewachukua mimba watu hawa wote, na anaomba auawe kuliko kuendelea kuwabeba peke yake. Mungu hamkemei. Anamwagiza akusanye wazee 70 wa kumsaidia mzigo. Ni ajabu, na kwa maoni yangu ni habari njema, kwamba mambo haya mawili yamo katika kitabu kimoja kwa ukaribu hivyo.

Kuhusu mgeuko wa ghafla kutoka kilio kwenda sifa katika zaburi hizi, wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 1934 Joachim Begrich, aliyekuwa mwanafunzi wa Gunkel, alipendekeza kwamba katikati ya sala kuhani alimpa mwombaji neno la kumtuliza, ingawa neno hilo halikuandikwa ndani ya zaburi. Kisa cha Hana, mwanamke tasa aliyemwomba Mungu mtoto, katika 1 Samweli 1 kinafanana na dhana hiyo: anasali kwa uchungu hadi kuhani Eli anamdhania mlevi, kisha Eli anamwambia aende kwa amani, naye anakula chakula na uso wake haukunjamani tena. Ikumbukwe kwamba wakati huo hajashika mimba. Kisa kimoja hakithibitishi desturi nzima, na wengine huona kwamba kule kumimina moyo mbele za Mungu ndiko kunakomgeuza mwombaji.

Saikolojia ya leo inaongeza kidogo, kwa tahadhari. Mtafiti wa Marekani Julie Exline na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti uliotofautisha kumpinga Mungu kwa maneno na kumwacha kabisa. Watu waliosema wana uhusiano wa karibu na Mungu walielekea kuona kwamba malalamiko yanaruhusiwa, lakini kuondoka hakuruhusiwi. Matokeo ya namna hiyo hayasemi kipi kilimzaa mwenzake. Huenda aliye karibu na Mungu ndiye anayepata ujasiri wa kulalamika. Na hasira inayodumu si jambo la kubezwa, kwa kuwa tafiti kadhaa zimeihusisha na huzuni na msongo wa mawazo.

Ipo pia jeraha lisilotoka kwa Mungu bali kwa watu wake: kiongozi aliyedhulumu, rafiki wa kikundi cha maombi aliyetoa siri nje. Zaburi ya 55 inamjua mtu huyo. Inasema kwamba kama adui ndiye angetukana, ingevumilika, lakini aliyefanya hivyo ni rafiki waliyetembea pamoja nyumbani mwa Mungu. Mwombaji hatakiwi kumrudia msaliti huyo ili aruhusiwe kumwomba Mungu. Anamtaja, na anautua mzigo wake kwa BWANA.

Kwa yule ambaye zamu ya kufikia sifa haijamfika kabisa, ipo Zaburi ya 88. Inamwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu" katika mstari wa kwanza, inamlilia mchana na usiku, inamuuliza kwa nini anauficha uso wake, na inakoma gizani, mpenzi na rafiki wakiwa wametengwa naye. Hakuna sifa mwishoni. Maneno ya utangulizi wake yanaitaja kuwa wimbo wa wana wa Kora, ukoo wa waimbaji wa hekalu, uliokabidhiwa mwimbishaji ili uimbwe katika ibada pamoja na nyimbo nyingine zote, na hakuna aliyeona haja ya kuiongezea aya ya furaha.