"Ni ya kiwandani, haina ushuru"

Pale bandarini Kigoma, maneno hayo husemwa kama kiapo: kwamba mzigo unaoingizwa kwa ajili ya kiwanda hautozwi ushuru wa forodha. Si kweli. Kinachoangaliwa kwanza ni bidhaa yenyewe: Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki, yaani viwango vya forodha vya nchi za Jumuiya kwa bidhaa zinazotoka nje yake, huweka mashine na malighafi nyingi kwenye 0%, bidhaa zilizosindikwa nusu 10%, zilizokamilika 25% au, tangu Julai 2022, 35% kwa baadhi. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni hesabu nyingine.

Upo unafuu wa viwanda, ndiyo, ila hupewa mzalishaji aliyeidhinishwa, kwa bidhaa na kiasi kilichotangazwa katika Gazeti rasmi la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtengeneza sabuni akipata unafuu wa malighafi, kisha akaiuza sokoni Mwanga ikiwa bado malighafi (hapo ndipo wengi hunaswa), ushuru uliosamehewa unadaiwa.